Uhakiki wa AME2020, jedwali la tungamo za atomu: tazama alama ya reli (#) kabla ya kusoma namba

Faili ninalolihakiki hapa ni la maandishi matupu, halina rangi wala mchoro, na mtu asiyelijua akilifungua ataona ukuta wa tarakimu tu. Ni jedwali kuu la AME2020, tathmini ya tungamo za atomu iliyochapishwa Machi 2021 katika jarida la Chinese Physics C, nalo hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti. Ninaliandikia kama mtumiaji. Sijawahi kupima tungamo ya kiini chochote kwa mikono yangu. Kazi yangu ni kuchukua namba walizozipima wengine na kuzitumia kukokotoa nishati inayohitajika kung'oa nyutroni moja au mbili kutoka kwenye viini vilivyojaa nyutroni kupita kawaida, vile ambavyo huundwa maabara na kudumu kwa sekunde chache, au sehemu ndogo tu ya sekunde, kabla ya kuoza. Kwa kazi hiyo AME2020 ndiyo zana ya kwanza, na mara nyingi ndiyo ya pekee. Hata hivyo nimejifunza, tena kwa kuaibika kidogo, kwamba ndani ya faili hili mna bidhaa mbili zilizofungwa katika kifurushi kimoja, moja ya vipimo na nyingine ya makadirio, na kwamba kinachozitenganisha ni alama moja ndogo ambayo ni rahisi sana kuipoteza njiani.

Kila mstari wa jedwali ni atomu moja. Utakuta idadi ya nyutroni, idadi ya protoni, jumla ya hizo mbili, yaani namba ya tungamo, na alama ya elementi; kisha huja ziada ya tungamo, nishati ya kufungamana kwa kila chembe ya kiini, nishati ya kuoza kwa beta (kuoza ambako nyutroni hugeuka protoni na kutoa elektroni), na mwishoni tungamo yenyewe ya atomu, kila thamani ikifuatwa na kiasi chake cha shaka, yaani kadiri inavyoweza kuwa imekosea. Ziada ya tungamo ndiyo safu ninayoitumia zaidi. Ni tofauti kati ya tungamo halisi ya atomu na namba yake ya tungamo, ikielezwa kwa kizio cha nishati kiitwacho kiloelektronivolti, yaani keV, ambapo kizio kimoja cha tungamo ya atomu ni sawa na keV 931,494.10. Kaboni 12 ina ziada ya sufuri kamili kwa sababu ndiyo iliyochaguliwa kuwa rejea ya kizio chenyewe. Hidrojeni ya kawaida ina ziada ya keV 7,288.97, nyutroni huru ina 8,071.32, na chuma 56 iko chini ya sufuri kwa zaidi ya keV 60,000, jambo linaloonyesha jinsi chembe zake zilivyoshikamana kwa nguvu. Anayeanza kulitumia akumbuke kwamba hizi ni tungamo za atomu nzima pamoja na elektroni zake, si za kiini kilichovuliwa nguo. Ukikokotoa nishati ya kutenganisha nyutroni, elektroni hufutana zenyewe na huna haja ya kuzifikiria; ukifanya hesabu ya aina nyingine bila kuangalia, zitakusumbua.

Mpangilio wake una tabia yake. Mistari hufuatana kwa namba ya tungamo, na ndani ya kila namba atomu yenye nyutroni nyingi zaidi hutangulia. Kwa hiyo mtu anayetaka kufuata isotopu za elementi moja, yaani atomu zenye protoni sawa lakini nyutroni tofauti, kwa mfano bati kutoka nyepesi hadi nzito, analazimika kuzichambua moja moja kutoka sehemu mbalimbali za faili. Si kasoro kubwa, kwa kuwa programu ya mistari michache humaliza kazi hiyo, lakini upana wa safu hubadilika kati ya toleo na toleo, na programu iliyosoma toleo la 2016 vizuri inaweza kusoma la 2020 kwa kukata tarakimu katikati bila kulalamika. Pamoja na faili kuu yapo mafaili mengine mawili yenye nishati zilizokwisha kukokotolewa, zikiwemo za kutenganisha nyutroni moja, nyutroni mbili na protoni. Nitayarudia, kwa sababu wengi huyapuuza na hawapaswi kuyapuuza.

Sasa ile alama. Mahali ambapo thamani haikupimwa bali ilikadiriwa, waandaaji huweka alama ya reli badala ya nukta ya desimali. Maelezo yapo wazi mwanzoni mwa faili, na siwezi kumlaumu mtu. Programu yangu ya kwanza, niliyoiandika kwa haraka, ilikuwa inakwama kila ilipokutana na alama hiyo, nami nikaitibu kwa njia ya mkato: kila alama ya reli igeuzwe nukta. Hesabu zikaenda. Nikachora grafu ya nishati ya kutenganisha nyutroni mbili kwa mnyororo mmoja wa isotopu, nikaona upande wa nyutroni nyingi ukishuka kwa utulivu wa kupendeza, bila mteremko wa ghafla wala kibonde, nikaandika katika rasimu yangu kwamba hakuna dalili ya pengo jipya la tabaka katika eneo lile, yaani mporomoko wa ghafla unaotokea nyutroni zinapojaza tabaka moja la kiini na kuanza jingine. Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu akauliza swali moja tu: pointi tano za mwisho zilipimwa na nani? Hazikupimwa na yeyote. Zote tano zilikuwa na alama ya reli, nami nilikuwa nimeifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Utulivu niliousifu haukuwa wa kiini. Makadirio ya AME hutokana na mwelekeo wa tungamo za jirani: waandaaji huchora nishati za kutenganisha na za kuoza kama uso mmoja juu ya ramani ya viini, inayopangwa kwa idadi ya protoni na nyutroni, kisha huchagua thamani inayoendeleza uso huo bila kuukunja. Ni njia ya busara, na kwa hatua moja au mbili nje ya vipimo mara nyingi hukaribia ukweli kuliko mfano wowote wa nadharia. Lakini njia inayodai kwamba uso uendelee kuwa laini haiwezi kukuambia kama uso huo kweli ni laini. Anayetafuta mabadiliko ya ghafla, na katika viini vyenye nyutroni nyingi mabadiliko ya ghafla ndiyo hasa tunayoyatafuta, akitumia makadirio haya kama ushahidi anakuwa amejiuliza swali na kujijibu mwenyewe. Kiasi cha shaka kilichowekwa kando ya makadirio, ambacho huwa mamia ya keV, nacho kimekadiriwa, na kina alama ileile.

Kwa upande wa thamani zilizopimwa, sifa zangu hazina kiasi. Jedwali lina zaidi ya atomu 2,500 zenye tungamo inayotokana na vipimo, na kila moja imepita katika ulinganishaji mkubwa ambamo maelfu ya data, kutoka maabara tofauti na miongo tofauti, huwekwa katika mtandao mmoja wa milinganyo na kutatuliwa kwa pamoja ili tofauti zote zibaki ndogo kadiri inavyowezekana. Kazi hii iliendeshwa kwa miongo mingi na Aaldert Wapstra wa Uholanzi, kisha na Georges Audi wa Ufaransa, na sasa kitovu chake ni Lanzhou nchini China. Ukiitazama kama huduma, ni ya ajabu: watu wachache wamesoma kila makala, wakapima kila dai, wakaamua lipi linaungana na lipi, nawe unapewa matokeo kwa mstari mmoja.

Ili mtu athamini mstari huo, inafaa ajue kipimo chenyewe kinavyofanyika. Ioni, yaani atomu iliyopoteza elektroni moja au zaidi, huwekwa ndani ya mtego wa Penning, chombo ambamo uga wa sumaku wenye nguvu huizuia isikimbie pembeni na uga wa umeme huizuia isiponyoke kwa juu au chini. Humo ioni huzunguka, na kasi ya mzunguko wake hutegemea mambo matatu tu: chaji yake, nguvu ya sumaku na tungamo yake. Chaji inajulikana bila shaka yoyote. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa kuzungusha ioni nyingine ambayo tungamo yake tayari inajulikana sana, kama sesiamu 133 au rubidiamu 85. Kinachobaki ni tungamo, na kuhesabu mizunguko ni jambo ambalo wanafizikia hulifanya kwa usahihi kuliko karibu kipimo kingine chochote. Katika sumaku ya tesla 6, ioni ya bati 134 yenye chaji moja huzunguka takriban mara 688,000 kwa sekunde. Vifaa vya namna hii hufikia usahihi wa sehemu moja katika milioni mia moja, ambao kwa atomu hiyo ni keV moja na ushei.

Nimeichagua bati 134 kwa makusudi, kwa kuwa kisa chake ndicho kinachonifanya niamini kwamba kupima moja kwa moja hakuna mbadala. Bati ina protoni 50, idadi inayofunga tabaka, na bati 132 ina nyutroni 82, idadi nyingine ya namna hiyo. Ni kiini kilichofungwa pande mbili. Ukiongeza nyutroni mbili juu ya 82, zinapaswa kushikwa kwa ulegevu, na ukubwa wa mporomoko huo katika nishati ya kutenganisha ndio kipimo cha nguvu ya tabaka. Kwa namba zilizokubalika mwanzoni mwa karne hii mporomoko ulionekana mdogo kuliko ilivyotarajiwa, na watu wakaanza kusema kwamba tabaka la nyutroni 82 linadhoofika kadiri mtu anavyosogea mbali na viini imara. Mwaka 2008 kikundi cha ISOLTRAP, chenye mtego wake kwenye kituo cha ISOLDE katika CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, kilichapisha kipimo cha moja kwa moja cha bati 132 na bati 134. Thamani ya bati 134 ilitofautiana na ile iliyokubalika kwa nusu ya megaelektronivolti, yaani keV 500, na pengo la tabaka likarudi mahali pake. Liligeuka kuwa kubwa hata kuliko lile la kalisi 48, ambayo nayo imefungwa pande mbili na hudumu karibu milele. Katika mtego, kosa la keV 500 ni tofauti ya mizunguko isiyofika mitatu kati ya zile 688,000 za kila sekunde. Bati 134 yenyewe hudumu kwa takriban sekunde moja.

Thamani za zamani za upande huu wa ramani zilikuwa na ugonjwa wao wa kawaida. Nyingi zilitokana na kuoza kwa beta: unapima nishati ya juu kabisa ya elektroni inayotoka, unaijumlisha na tungamo ya kiini kinachozaliwa, unapata ya mzazi. Ubaya ni kwamba kiini chenye nyutroni nyingi huoza na kuangukia ngazi nyingi za juu za mtoto wake, ambazo baadaye hutoa miale ya gama dhaifu yenye nishati kubwa, na vigunduzi vya kawaida hupitwa na mingi ya miale hiyo. Asiyeiona miale hiyo huidhania nishati ya kuoza kuwa ndogo kuliko ilivyo, na mzazi anaonekana mwepesi na aliyeshikamana zaidi ya ukweli. Mitego ya Penning ilipoanza kufika maeneo haya, ikawa jambo la kuzoeleka kwamba kiini kilichopimwa upya kilikutwa kizito kuliko jedwali lilivyosema, na kosa likikua kadiri nyutroni zilivyoongezeka. Nalitaja hili katika uhakiki kwa sababu baadhi ya mistari ya AME2020 bado inasimama juu ya vipimo vya beta pekee. Haina alama ya reli, na ni sahihi isiwe nayo, kwa kuwa imepimwa. Ila mtumiaji makini atafungua sehemu ya kwanza ya makala ya AME2020 na kutazama data iliyoingia ni ya aina gani kabla ya kuiamini keV yake ya mwisho.

Mitego ya Penning ina mpaka wake pia. Inahitaji ioni itulie na kuzunguka kwa sehemu kubwa ya sekunde ili usahihi upatikane, na viini vya pembezoni kabisa havina subira hiyo. Kwa hivyo vimekuja vifaa vya kuakisi, ambamo ioni hurushwa huku na huko kati ya vioo viwili vya umeme hadi njia ya kilomita kadhaa ikunjwe ndani ya chombo chenye urefu wa takriban mita moja, na tungamo hupatikana kutokana na muda wa safari ambao ni milisekunde chache au makumi machache. Ni kwa kifaa cha aina hii ISOLTRAP ilipima kalisi 53 na 54, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013, na yakaonyesha wazi kwamba nyutroni 32 hufunga tabaka katika kalisi. Kuna pia pete za kuhifadhia, kama ile ya ESR huko Darmstadt yenye mzingo wa takriban mita 108, ambamo viini huzunguka karibu mara milioni mbili kwa sekunde. Huko hata kiini kimoja kikizunguka peke yake kinaweza kuonekana. Mwaka 2018 watafiti wa RIKEN nchini Japani walisogea hadi kalisi 55, 56 na 57 kwa kupima muda wa kuruka wa viini vyenye kasi kubwa. Usahihi wa njia hizi haulingani. Kalisi 54 ilipimwa kwa shaka ya makumi ya keV. Tatu zinazofuata zina shaka inayoanzia zaidi ya keV 100 na kukua haraka. Katika jedwali zote zinakaa mistari ya kawaida, bila alama yoyote, na ni safu ya shaka pekee inayokuambia kwamba umeondoka kwenye barabara ya lami.

Ni kwa nini mtu ajali keV mia tatu katika atomu ambayo tungamo yake ni mamilioni ya keV? Jibu ninaloligusa kila siku ni la asili ya elementi nzito. Mahali penye mmiminiko mkubwa wa nyutroni, kama katika mgongano wa nyota za nyutroni uliogunduliwa kwa mawimbi ya mvutano tarehe 17 Agosti 2017, viini hunyakua nyutroni haraka kuliko vinavyoweza kuoza, na joto linapokuwa kali miale ya gama huzing'oa tena. Mlingano wa kunyakua na kung'oa ndio unaoamua ni isotopu ipi ya kila elementi itakuwa nyingi, na katika mlingano huo nishati ya kutenganisha nyutroni hukaa ndani ya kipeo. Chukua joto la kelvini bilioni 1.5, ambapo kiwango cha nishati ya joto kinachoingia katika mlingano huo ni takriban keV 129. Ukiikosea nishati ya kutenganisha kwa keV 500, kama ilivyokuwa kwa tungamo ya bati 134, uwiano wa isotopu mbili zinazofuatana unaharibika kwa takriban mara 48. Ukiikosea kwa keV 100, unaharibika kwa mara mbili na kitu, jambo ambalo bado linavumilika. Hapo ndipo ninapochora mstari wangu: thamani yenye shaka ya keV 100 au chini naitumia kama ilivyo, inayozidi hapo naichukulia kuwa swali lililo wazi, hata kama imepimwa.

Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya njia inayopitwa na unyakuaji wa haraka haimo katika jedwali kabisa au imo kwa alama ya reli. Nikeli 78, yenye protoni 28 na nyutroni 50, ni mfano wa kusikitisha. Ni kiini kinachotajwa kila mahali kama nguzo ya eneo lake, jirani yake shaba 79 ilipimwa na ISOLTRAP na matokeo kuchapishwa mwaka 2017, lakini yenyewe katika AME2020 bado ni makadirio. Hili si kosa la waandaaji. Hawawezi kuandika kipimo ambacho hakipo. Ni ukumbusho tu kwa anayedhani kwamba jedwali limejaa.

Yapo mambo ambayo ningeyasahihisha. La kwanza ni uhusiano wa makosa. Kwa kuwa tungamo zote zimetatuliwa katika mtandao mmoja, shaka ya atomu moja mara nyingi imefungamana na ya jirani yake, hasa pale moja ilipopimwa kwa kulinganishwa na nyingine. Ukichukua mistari miwili ya faili kuu, ukatoa, kisha ukajumlisha miraba ya shaka zao, unaweza kupata shaka kubwa kuliko ile halisi. Mafaili mawili ya nishati za kutenganisha niliyoyataja mapema yamekwisha kulizingatia hilo, na ndiyo maana nasema yasipuuzwe. Lakini kwa tofauti yoyote ambayo haimo humo, msomaji wa faili kuu pekee anabaki gizani, na ningependa uhusiano huo uwe mbele ya macho yake, angalau kwa viini vya eneo moja.

La pili ni viini vilivyosisimka vinavyodumu, ambavyo kwa jina la kitaalamu huitwa isoma. Katika mtego, kiini kilicho katika hali yake ya chini na kile kilichosisimka kidogo huweza kuzunguka pamoja, na usipoweza kuvitenganisha unapima mchanganyiko. Mbinu mpya ya kupiga picha ya mahali ioni ilipofika katika mzunguko wake, iliyotengenezwa kwenye mtego wa SHIPTRAP na kuchapishwa mwaka 2013, imepunguza tatizo hili sana, kwa kuwa ina uwezo wa kutenganisha takriban mara 40 zaidi ya mbinu iliyotangulia. Jedwali kuu linahusu hali ya chini pekee. Habari za isoma zimo katika kitabu pacha, NUBASE2020, kilichotoka pamoja nalo. Utengano huo una mantiki, ila unamaanisha kwamba anayesoma faili kuu peke yake hatambui pale ambapo kipimo kiliwahi kurekebishwa kwa sababu ya isoma inayoshukiwa kuchanganyika.

La tatu ni umri. Matoleo yalikuwa yakitoka kwa kupishana miaka kumi hivi, 1983, 1993, 2003; kisha 2012, 2016 na 2020. Mwendo umeongezeka, na bado vipimo vinakimbia mbele. Mwaka 2022, kwa mfano, pete mpya ya RIKEN ilitoa kipimo cha paladi 123 kilichogusa moja kwa moja hesabu za wingi wa elementi karibu na namba ya tungamo 122 na 123. Anayetumia AME2020 leo kwa eneo hilo bila kutafuta makala za baadaye anatumia ramani ya mji uliokwisha jengwa upya.

Je, kuna cha kulinganisha nalo? Majedwali ya nadharia yapo, na yana faida moja ambayo AME haina: yanafika hadi mwisho wa ramani, mahali ambapo hata makadirio ya mwelekeo hayathubutu. Lakini mifano bora ya dunia nzima ya viini hukosea kwa wastani wa keV mia kadhaa hata kwenye viini vilivyokwisha kupimwa, na ukienda mbali na vipimo hutofautiana yenyewe kwa yenyewe kwa megaelektronivolti kadhaa. Ninayatumia pale tu AME inaponyamaza, na siyachanganyi katika mstari mmoja wa grafu, kwa sababu kuruka kutoka kwenye kipimo hadi kwenye mfano huzua kingo bandia inayofanana kabisa na pengo la tabaka. Wapo pia wanaochukua thamani kutoka makala mojamoja na kuachana na jedwali. Nimeijaribu njia hiyo kwa mnyororo mmoja wa isotopu na nikachoka: kila makala ina rejea yake, baadhi zikirejelea atomu ambazo nazo zimebadilika tangu hapo, na baada ya wiki moja nikagundua kwamba nilikuwa ninaifanya upya, tena vibaya, kazi ileile ambayo waandaaji wa AME wameifanya kwa uangalifu.

Kwa mwanafunzi anayetaka kuona jinsi nishati ya kufungamana inavyopanda hadi nikeli 62, yenye takriban keV 8,794 kwa kila chembe, kisha kushuka, jedwali hili ni zuri bila sharti lolote; kwa viini vilivyo imara au vilivyo karibu navyo, usahihi wake unazidi mahitaji ya karibu kila mtu. Kwa anayefanya kazi kwenye ukingo wa nyutroni nyingi, naliweka nyota nne kati ya tano, na masharti yangu ni machache: asome mafaili ya nishati za kutenganisha badala ya kutoa mwenyewe, aangalie safu ya shaka kabla ya safu ya thamani, na atafute vipimo vilivyochapishwa baada ya 2020. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya ile nukta ya desimali. Taarifa muhimu kuliko zote katika faili, kwamba namba hii imepimwa na ile haijapimwa, imefichwa ndani ya namba yenyewe, mahali ambapo programu yoyote iliyoandikwa kwa haraka itaifuta. Safu moja ya ziada, yenye herufi moja kwa kila mstari, ingetosha. Katika programu yangu ya sasa nimeitengeneza mwenyewe, na pointi zilizokadiriwa huchorwa kwa duara tupu zisizounganishwa na mstari wowote.